Jokébed, Mwenye Kutukana Wazee

Jokébed hakupenda watu wema. Kwake mtu mwema alikuwa kama sabuni mbovu: povu jingi, uchafu palepale. Na katika ile nyumba ya wazee ya parokia, juu ya kilima pembeni mwa Butembo, watu wema walipanda kila Jumapili baada ya misa, wamejifunga vikwembe vya kupendeza, mkononi ndizi mbivu, usoni kilio kilichotayarishwa tangu nyumbani. Wanaingia chumba cha wanaume, wanainamisha vichwa: "Pole baba, pole, Mungu anakuona." Wanaingia chumba cha wanawake: "Pole mama, pole." Kisha wanateremka kilima wakiongea kwa sauti habari za kahawa na harusi. Jokébed, akisonga bugali jikoni, aliwatazama kupitia mlango akatema mate majivuni.

"Banakuya hapa kujizoeza kulia," alimwambia Muzee Amisi aliyekuwa akiota moto. "Kwabo hakuna maiti hii wiki."

Jina lake lilikuwa Masika, maana alikuwa binti wa kwanza, na Jokébed walimpa kwenye ubatizo. Alizaliwa Kasugho, penye mashamba yanayoliwa na msitu kila ukilala kidogo. Ujana wake aliumaliza Manguredjipa akiwapikia wachimba dhahabu, na huko shimo lilimfunika mume wake. Mume hakupatikana, hata kiatu. Machimboni ndiko ulimi wake uliponolewa, kwa sababu mwanamke anayewagawia chakula wanaume wenye njaa na pombe, kama hana matusi, hana sufuria. Vita ya pili ya Kongo ilipofika, na askari wa kila rangi ya kofia wakaanza kupishana njiani, aliifunga sufuria yake mgongoni kama mtoto akatembea mpaka Butembo. Nyumba ya wazee ilikuwa imepotewa na mpishi, aliyekimbilia Uganda. Wakamchukua.

Aliyemchukua ni gérant, msimamizi wa nyumba, bwana Edmond, mtu mrefu mwenye shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Edmond alikuwa amesoma seminari bila kuimaliza, na kilichobaki cha seminari kilikuwa ni sauti. Aliongea polepole, chinichini, ungedhani maneno ni mayai.

"Mama Jokébed, hapa tunasema kwa upole," alimwambia siku ya kwanza. "Bazee bako karibu na Mungu."

"Njo maana bananyamaza hivi? Juu Mungu asisikie tumbo yabo?"

Edmond alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani.

Kweli walinyamaza. Asubuhi walitolewa nje wakapangwa kando ya ukuta kama magunia ya viazi yanayongoja lori, jioni wakarudishwa ndani. Walikuwa na chakula, blanketi na dawa ya malaria pale ilipopatikana. Hakuna aliyewapiga. Hata hivyo walikufa mmoja mmoja, bila ugonjwa wenye jina, na Edmond alisema ni umri.

Jokébed hakuamini habari za umri. Nyanya yake kule Kasugho alikuwa mzee kuliko hawa wote, na siku zake za mwisho alizitumia kugombana. Kwa Wanande, watu wa kwao, mzee ana haki moja ambayo hakuna serikali imewahi kumnyang'anya: kutukanwa na mjukuu wake. Mjukuu humwambia babu kwamba meno yake yamekwenda sokoni yakasahau kurudi. Babu humjibu kwamba kwa miguu hiyo ya korongo ataolewa na mti. Watu wazima hupita wakicheka, na babu hulala akitafuta tusi la kesho. Sasa vita ilikuwa imebeba wajukuu, wengine porini, wengine ng'ambo, wengine kaburini. Watu wema walileta ndizi. Hakuna aliyewaza kuleta matusi.

Hayo Jokébed hakuyapanga kama dawa. Alianza siku ile alipoletwa Muzee Melchior.

Melchior alikuwa fundi wa matofali wa Kalunguta. Shamba lake lilikuwa limegeuka njia ya bunduki, akakimbilia kwa mwanawe Éphraïm mjini. Naye Éphraïm alikuwa amepanda cheo katika vuguvugu lililotawala Butembo na Beni wakati ule, vuguvugu ambalo kila mvua ikipita lilizaa mkubwa mwingine kama uyoga. Alikuwa na jeep, walinzi, na mke mpya asiyependa harufu ya mzee sebuleni. Basi alimleta baba yake kilimani pamoja na godoro lililokuwa bado ndani ya plastiki yake. "Nitarudia, papa," alisema, injini ikinguruma. Hakurudi.

Melchior alilala akageukia ukuta. Bugali ilikwenda ikarudi, uji ukaenda ukarudi. Edmond alipiga magoti kando ya kitanda akamwombea kwa sauti ya mayai yake, na kadiri alivyoomba ndivyo mgongo wa mzee ulivyozidi kuwa ukuta wa pili.

Jokébed aliingia na sahani, akasimama mkono kiunoni.

"Sokulu, babu yangu, ule ukuta ulikuoa?"

Alimkaribia hatua moja.

"Juu naona munalala uso kwa uso. Mutuambie, tutafute mbuzi za mahari."

"Mama Jokébed!" alinong'ona Edmond.

"Kama unataka kufa, kufa mbiyo. Hii godoro ni mupya, na miye mugongo inaniuma. Lakini leo hapana. Leo nilitwanga majani ya sombe tangu asubui, na siwezi kutwanga sombe juu ya maiti."

Aliweka sahani kitandani. Kisha ukutani ikatoka sauti kavu kama mchanga wa tofali.

"Ile sombe yako nilisikia harufu yake. Njo ile inanipa hamu ya kufa."

Kwenye kitanda cha pili Muzee Amisi aliruka kama aliyechomwa. "Wallahi, maiti imesema!" Akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Melchior akageuza shingo taratibu. "Nani ule anacheka sawa camion bila mafuta?"

"Ni miye, dereva. Weye ulishakuwa muzigo, lala."

Amisi alikuwa Mwislamu wa Beni, dereva na mwenye malori, mpaka siku askari walipoyahitaji malori yake kuliko yeye. Jamaa zake walivuka mpaka, magoti yake yakakataa safari, na parokia ikampokea bila kumwuliza anasali wapi. Tangu alipofika alikuwa hajacheka. Sasa Melchior alijiinua kwa kiwiko ili amwone vizuri mtu aliyemwita mzigo. Ukitaka kutukana lazima uwe na pumzi, na pumzi inatoka tumboni. Alivuta sahani akala, si kwa sababu ya upendo wa maisha, bali apate nguvu ya kujibu.

Kuanzia hapo Jokébed hakurudi nyuma. Kila mchana, vyombo vikishaoshwa, alileta kiti chake cha miti mbele ya ule ukuta wa nje, akawaigiza watu wote wa mji: mama wa parokia anayelia huku akichungulia kama sufuria ina nyama, askari anayeomba barua ya njia akiishika kichwa chini, miguu juu, mkubwa wa vuguvugu anayetangaza amani huku koti limemkaba tumbo. Wazee nao hakuwaachia. Alimwita Amisi gari bovu, Melchior bwana-ukuta, na wao wakamwita mjane wa masufuria. Edmond alikuja mara nyingi kusema kwamba hayo hayafai. Walimngoja amalize, kisha wakaiga kumaliza kwake.

Lakini kulikuwa na mahali ambapo ulimi wake haukugusa. Mukaka Kyakimwa, bibi kizee aliyekuwa kipofu, alikojoa kitandani asubuhi moja, akaanza kulia bila sauti, kikwembe mdomoni, wenzake wasisikie. Jokébed aliona. Akatupa macho darini akaanza kupiga kelele za kusikika mpaka barabarani.

"Hii manjanja ya juu inavuja tena! Tazama! Mvua ya Butembo haina adabu, inachagua kitanda ya mukaka tu! Donc hii nyumba haina gérant?"

Alitoa shuka, akageuza godoro, akalaani bati, misumari na fundi aliyeipiga. Edmond alikuja mbio. Mtu mwingine angeona kwamba mvua haikunyesha wiki ile nzima. Edmond alikwenda kuazima ngazi. Alipanda juu ya nyumba katika viatu vyake vya misa, akaanza kutambaa, akigonga bati hapa na pale, akiuliza, "Ni hapa? Ao ni hapa?"

"Songa mbele!" Jokébed alijibu kutoka chini. "Hapana, kushoto!"

Kyakimwa alisikiliza zile hatua zikitembea juu ya kichwa chake. Alielewa. Kilio kikageuka kikohozi, kikohozi kikageuka kicheko, akashika mkono wa Jokébed akaubana.

"Wasingya, mwana wangu," alishukuru kwa Kinande. Kisha akainua uso: "Bwana gérant! Nasikia inavuja ku ile kona ingine!"

Edmond alishinda juu ya bati mpaka jua la mchana. Jokébed hakumwonea huruma. Mtu asiyejua kutofautisha mvua na aibu, alisema, afadhali akae juu.

Mwaka ule vuguvugu lilikuwa likitafuta kupendwa. Wakubwa walikuwa wakizunguka hospitali na shule wakigawa chumvi, na siku moja ikawa zamu ya kilima. Jeep ya Éphraïm ilipanda ikiwa imebeba askari, sabuni, chumvi, na mtu wa redio mwenye kinasa sauti shingoni. Edmond alikuwa amewavalisha wazee mashati safi akawafundisha wimbo. Waliuimba vibaya kwa makusudi.

Éphraïm alitoa hotuba ndefu, Kifaransa cha mbele na Kiswahili cha nyuma. Alisema vuguvugu ni mtoto wa wazee. Alisema nchi isiyotunza wazee ni nchi isiyo na mizizi. Jokébed alisimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, akawaza kwamba hata mbwa akiiba nyama huwa halambi sahani mbele ya mwenyewe. Mwishoni Éphraïm alichukua kinasa sauti akakisogeza kwenye mdomo wa baba yake.

"Papa, uambie batu namna tunakuchunga."

Melchior alikitazama kile chombo. Akamtazama mwanawe tangu viatu mpaka kofia.

"Weye ni mutoto ya nani?"

"Papa, ni miye. Éphraïm."

"Éphraïm." Mzee alilionja jina kama chakula chenye mawe. Akamgeukia jirani. "Amisi, unamujua huyu?"

"Huyu hapana. Lakini ile jeep naijua. Ni ya muchuuzi moja wa Beni. Kumbe nayo ilipotea baba yake!"

"Anasema yeye ni nani?" aliuliza Kyakimwa.

"Anasema eti ni mutoto."

"Wa kuzaa ao wa kuokota?"

Ukuta mzima wa wazee ulipasuka. Waliokuwa hawana meno walicheka kwa fizi. Askari mmoja kijana alicheka pia, akajificha nyuma ya mwenzake. Melchior peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama mwanawe bado, kama fundi anayetazama ukuta aliojenga mwenyewe ukainama.

Éphraïm alikuwa amegeuka rangi ya jivu. "Nani anafundisha hawa bazee matusi?"

Wazee walitazama udongo. Edmond naye hakusema neno, hilo lazima tumpe. Alitazama tu jikoni. Jicho la mwoga ni kidole.

"Mama, yaka!" askari mmoja alimwita kwa Lingala. Walimpakia ndani ya jeep mwiko ukiwa bado mkononi. Sabuni na chumvi nazo zilirudi.

Walimfungia katika kontena la chuma kambini, pamoja na watu wengine waliokamatwa kwa sababu nyingine au bila sababu. Mchana lilikuwa tanuri, usiku lilikuwa mto wa baridi. Walimpiga kitako cha bunduki, meno ya mbele yakatoka. Asidanganyike mtu: mle ndani Jokébed hakuchekesha yeyote, wala hakucheka. Kicheko hakifungui kufuli. Alikaa pembeni, magoti kidevuni, akachukia: kwanza Éphraïm, halafu Edmond, halafu wazee wote na midomo yao, halafu akarudia mwanzo.

Hakuna aliyemtetea akatoka. Alitoka kwa sababu vuguvugu lilivunjika tena. Wakubwa wa Beni na wakubwa wa Butembo walikosana, askari wa upande mwingine wakaiteka kambi, wakavunja kufuli ya kontena wakitumaini kukuta mali. Walichungulia ndani, nyuso zikawaanguka.

"Bato kaka!" mmoja alilalamika kwa wenzake. Watu tu! Akawafukuza kwa mkono kama kuku: "Bokende!"

Alipanda kilima akisimamasimama. Mukaka Kyakimwa alikuwa amezikwa. Walimwambia hakuugua; siku zilizofuata jeep ile alikuwa akiuliza kila anayeingia kama ni Jokébed, kisha akaacha kuuliza. Magunia ya viazi yalikuwa yamerudi kando ya ukuta. Wazee waliona shavu lake lilivyovimba, mdomo ulivyobaki shimo, wakaanza, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya Edmond kabisa:

"Pole, mama. Pole. Mungu anakuona."

Hapo ndipo alipojua lile neno lina ladha gani likikuangukia. Lilimlaza chini kuliko kitako cha bunduki. Alitaka kuwajibu, ulimi ukatafuta meno ukayakosa. Aliingia jikoni akakaa mbele ya moto uliozimika. Siku chache alipika bila kusema kitu, akagawa bila kutazama mtu, na mchana kiti chake cha miti kilibaki ndani.

Muzee Amisi alijikokota mpaka mlango wa jikoni, akaegemea nguzo.

"Jokébed."

Aliendelea kusonga bugali.

"Tulikuwa tunaongea na Melchior. Tunaona bale baaskari balifanya vibaya sana."

"Unyamaze, muzee."

"Vibaya kabisa. Juu sura yako ilikuwa inaomba kutengenezwa tangu zamani, na bo balitengeneza kipande tu."

Alisimama na mwiko juu. Amisi hakukwepa, alifumba macho tu akangoja. Na Jokébed, badala ya kumpiga, alitoa sauti aliyoisahau, iliyopita katika lile pengo ikipiga filimbi. Kule kando ya ukuta Melchior alisikia akapaza sauti: "Nani anapiga firimbi? Mechi ilianza?" Jokébed alicheka, akalia ndani ya kicheko, akamlilia Kyakimwa na mume wake wa Manguredjipa na meno yake, na Amisi akasimama pale akimtunzia moto, bila kumwambia pole hata moja.

Edmond naye alikuja na lake. Alileta blanketi la kijivu limekunjwa vizuri, akaeleza kwamba alilipeleka mpaka kwenye kizuizi cha kambi wakati ule. Askari alimwuliza anatafuta nini.

"Ukamujibu nini?"

"Nilisema... nilisema nilipotea njia."

"Ulipotea? Muji ulizaliwa ndani yake?" Jokébed alilichukua blanketi, akalitikisa kama linaweza kuwa na wadudu. "Muzee Melchior miguu yake inasikia baridi." Hakumsamehe, si siku hiyo wala baadaye. Alimdharau kwa uaminifu, kila siku, kama anavyopika. Lakini Edmond alianza kuja mchana, anakaa mwisho wa ukuta, anaigizwa. Siku nyingine alijaribu kusimulia kichekesho cha seminari. Kilikuwa kibaya sana hata wazee walikicheka wiki nzima, kwa ubaya wake.

Éphraïm alivuka mpaka na jeep ya watu. Amani ilipotiwa sahihi na wakubwa wakaitwa Kinshasa kugawana viti, sauti yake ilisikika redioni, mshauri wa nani sijui, akisema habari za mizizi. Melchior alisikiliza kidogo.

"Zima," alisema. "Hii redio inanuka."

Ni katika majira hayo njia ya Beni ilipofunguka, binti wa Amisi, jina lake Yasmine, alitoka ng'ambo kuja kumchukua baba yake. Alikuwa mwanamke mpole, mtandio mweupe, machozi karibu. Alimshika mzee mkono kama anayeshika kikombe chenye ufa. Jokébed alimtazama kwa wasiwasi uliofanana sana na dharau. Walipokuwa wakimpakia Amisi mbele ya lori, alimvuta Yasmine kando.

"Sikiliza, dada. Usimuhurumie. Umutukane kila asubui, mbele ya chai."

"Mama! Ni baba yangu!"

"Njo maana nakuambia. Kama unaogopa, upe bale batoto bako ile kazi. Bamucheke magoti, bamuite gari bovu. Siku moja atakuya kunyamaza. Siku ile umucheke zaidi."

Yasmine alifunga mtandio wake vizuri. Labda alifikiri mpishi huyu asiye na meno ameharibiwa na vita. Amisi alitoa kichwa dirishani, akawaangalia wote wawili, akamwambia dereva kwamba anakanyaga klachi kama mtu anayeua mende, na lori likateremka kilima.

Melchior alikuwa ukutani bila jirani, mahali pa Amisi pamebaki mashimo mawili ya fimbo yake katika udongo. Hakusema kitu mchana kutwa. Jua lilipoanza kupunguza ukali, Jokébed aliosha mikono, akatoka jikoni na bakuli la maharagwe ya kuchambua, akakaa pale penye mashimo, bega kwa bega na mzee.

"Songa kule," alisema Melchior. "Unanuka moshi."

"Na weye unanuka tofali."

Wakaanza kuchambua.